Kitufe cha Tayari

Mama Watatu alikuwa na wimbo wake wa asubuhi. Si wimbo wa redio. Ulikuwa wimbo wa maadili ya kampuni.

"Tunamjali mteja!" alisema huku akifunga vifungo vya shati.

"Tunamjali mteja!" watoto waliitikia, mswaki mdomoni.

"Tunasema kweli! Tunafanya kazi kwa umoja! Tunatunza usafi! Tunahudumia haraka!"

Watoto wenyewe walikuwa watatu, na wote walizaliwa siku moja. Siku hiyo mkunga alibaki kinywa wazi. Alimpokea wa kwanza, akampokea wa pili, halafu akauliza, "Jamani, bado wapo wengine humo?" Alikuwepo mmoja. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita mama yao Mama Watatu. Watoto nao waliitwa Wa Kwanza, Wa Kati na Wa Mwisho, mpaka wakasahau kwamba wana majina mengine.

Sasa watoto walikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa miaka yote hiyo Mama Watatu hakuwa na kazi nje ya nyumba. Angeipataje? Mikono miwili, watoto watatu! Lakini mwaka huu mgahawa wa kuku na chipsi ulitangaza nafasi za kazi. Ulikuwa mgahawa wa kampuni kubwa, yenye matawi kila mji. Mama Watatu aliomba kazi, akaitwa, akapata. Alipewa shati la njano, kofia, na beji yenye namba kumi na saba. Shati lilikuwa kubwa kama shuka. Mume wake alikuwa fundi cherehani, akalipunguza siku hiyo hiyo.

"Mke wa fundi havai gunia," alisema.

Kazi ilikuwa ya majaribio kwa miezi mitatu. Zilibaki wiki mbili. Akifaulu, atapewa barua ya ajira ya kudumu. Akishindwa, atavua shati na kurudi nyumbani. Na Mama Watatu hakutaka kuvua shati lile. Alilipenda. Alipopita mtaani amelivaa, watu walimsalimia kwa namna nyingine, naye alitembea kwa namna nyingine. Haya, tuseme ukweli: alijivuna kidogo. Alikuwa na haki ya kujivuna.

Kaunta ya mgahawa ule ilikuwa ndefu na safi. Juu ukutani kulikuwa na yale maadili matano, kwa herufi kubwa nyekundu. Chini, mbele ya kila mhudumu, kulikuwa na skrini. Mteja alipoagiza, oda ilitokea kwenye skrini ya kaunta na kwenye skrini ya jikoni. Papo hapo saa ndogo ilianza kuhesabu. Ndani ya dakika tano, rangi ilikuwa ya kijani. Baada ya hapo, njano. Ikizidi sana, nyekundu. Chakula kikifika mkononi mwa mteja, mhudumu alibonyeza kitufe cha TAYARI. Saa ilisimama, na oda ilifutika.

Kila jioni namba hizo zilikwenda makao makuu. Huko walipanga matawi kwa orodha, kuanzia la haraka zaidi mpaka la kobe.

Msimamizi wa zamu alikuwa kijana mmoja mwembamba. Wafanyakazi walimwita Chapchap, kwa sababu hilo ndilo neno alilosema zaidi ya mengine yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Jikoni kulikuwa na vikaangio viwili vya kuku, na kimoja kilikuwa kinaumwa. Mafuta yake hayakupata moto wa kutosha. Kuku alilala humo kama anaoga. Oda zilichelewa, rangi nyekundu ikawaka, na Chapchap akakosa usingizi.

Ndipo akavumbua dawa yake.

"Ikifika dakika ya nne, bonyeza TAYARI," aliwaambia wahudumu. "Kuku ameiva, hajaiva, wewe bonyeza. Halafu mwambie mteja asogee pembeni. Mwambie, inakuja sasa hivi. Chapchap!"

Wahudumu waliuita ujanja huo kupaka kijani. Tawi lao likawa la kwanza kwenye orodha. Wakaletewa cheti, kikatundikwa karibu na mlango. Lakini pembeni, karibu na pipa la taka, wateja walijaa na risiti zao mkononi. Jikoni oda zao hazikuonekana tena. Mpishi alilazimika kuzikumbuka kwa kichwa, na kichwa cha mpishi kilikuwa kimoja tu.

Ijumaa moja mchana aliingia mzee mwenye koti la kahawia. Aliagiza kuku na chipsi zisizo na chumvi.

"Ni za mke wangu," alisema. "Ametoka hospitali leo. Amesema ana hamu ya kuku. Wiki nzima hakula vizuri, mwanangu, leo ametaja chakula mwenyewe!"

"Tunashukuru, baba," alisema Mama Watatu. Dakika ya nne ilipofika alibonyeza kitufe. "Sogea pembeni kidogo. Inakuja sasa hivi."

Mzee akasogea. Foleni ilikuwa ndefu. Baada ya muda akarudi.

"Mwanangu, bado?"

"Sasa hivi, baba."

Akarudi tena.

"Sasa hivi tu, baba yangu."

Dakika arobaini zilipita. Mama Watatu alikwenda jikoni. Mpishi alishika kichwa. Oda ya mzee haikuwa kwenye mafuta, haikuwa mezani, haikuwa popote. Ilisahaulika.

Alipoambiwa, mzee hakupiga kelele. Aliweka risiti juu ya kaunta taratibu.

"Ungeniambia nusu saa, ningekaa," alisema. "Ungeniambia hakuna, ningekwenda kwingine. Wewe umeniambia sasa hivi mara tatu."

Alirudishiwa pesa yake, akatoka mikono mitupu. Mama Watatu alimtazama kupitia kioo cha mlango mpaka akapotea. Afadhali angetukanwa.

Kesho yake Chapchap alimwita pembeni, simu mkononi.

"Kuna mteja aliyekuwa foleni jana. Ameandika malalamiko kwa ajili ya yule mzee. Ametaja beji namba kumi na saba."

"Ni mimi," alisema Mama Watatu.

"Ndiyo, ni wewe. Dada, nakwambia kwa nia njema. Likija lalamiko la pili kabla majaribio hayajaisha, umemwaga unga. Tabasamu zaidi!"

Siku nzima alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Haikusaidia kitu.

Jioni alifika nyumbani, akaketi kwenye kiti bila kuvua kofia. Mume wake alikuwa anashona karibu na dirisha. Alisimamisha cherehani.

"Leo hakuna habari za mgahawa?"

Mama Watatu akamweleza yote. Mume aliposikia ile "sasa hivi" mara tatu, alishindwa kujizuia.

"Ah! Hata sisi mafundi tunasema kesho!"

Mama Watatu hakucheka. Alianza kulia. Fundi akaona aibu, akaacha cherehani, akaja kukaa karibu naye.

Wakati huo mlango uligongwa. Alikuwa Bi Mapokezi, jirani wa mlango wa mbele, amefuata gauni lake. Bi Mapokezi alifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli kubwa kwa miaka thelathini na mbili. Alikuwa amestaafu, lakini mpaka leo alisema "karibu sana" hata kwa fundi bomba.

"Mwanangu, nani amekuliza?" aliuliza.

"Kazi, Bi Mapokezi. Nadhani nitafukuzwa."

Bi Mapokezi alivuta kigoda. Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza kusikiliza, aliuliza:

"Kwa nini chakula cha mzee kilipotea?"

"Mpishi alisahau."

"Kwa nini alisahau?"

"Oda haikuwa kwenye skrini."

"Nani aliitoa?"

Mama Watatu aliangalia sakafu. "Mimi. Nilibonyeza TAYARI."

"Ilikuwa tayari?"

"Hapana."

Watoto walikuwa mezani wanafanya kazi za shule. Wa Mwisho aliinua kichwa.

"Mama, si mnasema tunasema kweli? Ni ya pili. Haraka ni ya tano."

Fundi akakohoa bila kikohozi.

"Umemsikia mwalimu," alisema Bi Mapokezi. "Waliopanga orodha hiyo hawakuwa wamelewa. Hoteli yetu pia ilikuwa na maadili ukutani. Siku za kawaida, maadili yote yanapatana. Kazi inakuja siku yanapogombana. Haraka inakuvuta huku, kweli inakuvuta kule. Hapo ndipo unaangalia lipi limetangulia."

"Lakini saa itakuwa nyekundu."

"Na iwe! Kikaangio kinaumwa. Mgonjwa akimwambia daktari, mimi mzima, atapewa dawa gani? Ninyi kila jioni mnaandika kwamba mko wazima. Nani atawaletea fundi?"

Hilo Mama Watatu hakuwahi kulifikiria. Walidhani wanaficha ubovu wa kikaangio, kumbe walikuwa wanaulinda.

"Na mteja akinijia juu?"

"Inuka," alisema Bi Mapokezi. "Hiyo meza ni kaunta. Mimi ni mteja." Papo hapo mama yule mpole akabadilika. Alikunja uso, akapiga meza kofi. "Chakula changu kiko wapi? Mnanifanya mjinga?"

Watoto waliruka. Mama Watatu naye alishtuka.

"Samahani, mpishi ame..."

"Nimekuja kununua kuku, sikuja kumshtaki mpishi! Rudia."

"Samahani, mama, tulia kwanza..."

"Nitulie? Mtu mwenye njaa umwambie atulie? Mwanangu, hapo umemwaga petroli. Mwache amalize. Halafu mwambie ulichosikia, ajue kwamba umesikia. Omba radhi moja tu, ya moyoni, bila kumsukumia mwenzako. Kisha mpe muda wa kweli. Ukisema dakika kumi na tano, kabla hazijaisha umfuate mwenyewe. Asikutafute yeye."

Walirudia mara sita. Mara ya saba Mama Watatu alisema, "Umeagiza kuku na chipsi, na umesubiri dakika ishirini. Ni kosa letu, naomba radhi. Nimetoka jikoni, zimebaki dakika saba. Keti, nitakuletea mwenyewe."

Bi Mapokezi aliketi. "Hapo hata mimi nimeshiba," alisema, na kila mtu akacheka.

Gauni lilipokwisha kukunjwa, Mama Watatu aliuliza swali lililokuwa likimkereketa.

"Nikiacha kupaka kijani, namba zitakuwa mbaya, na namba ni zangu. Je, wakinifukuza?"

"Wanaweza," alisema Bi Mapokezi. "Sitakudanganya."

Mama Watatu alimgeukia mume wake. Fundi alikuwa anacheza na uzi.

"Mimi nakupenda na shati lako," alisema. "Unapendeza, na watoto wanaringa shuleni. Lakini jana ulirudi hapa ukashindwa kula. Kazi gani ya chakula inamnyima mtu kula? Sema kweli, mke wangu. Kama ni kurudi nyumbani, utarudi kichwa juu."

Jumatatu Mama Watatu alifika mapema. Hakutaka kumzunguka mtu. Alimfuata Chapchap kabla mlango haujafunguliwa.

"Kaka, mimi leo sibonyezi mpaka chakula kiwe mkononi mwa mteja."

Chapchap alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Dada, unataka kutuua? Tutakuwa wa mwisho!"

"Wakiuliza, taja namba kumi na saba."

"Wiki mbili zimebaki upate barua. Wiki mbili tu!"

"Najua. Nazihesabu kuliko wewe."

Mteja wa kwanza kuagiza kuku alikuwa dereva wa lori. Mama Watatu alipiga moyo konde.

"Kuku atachukua dakika kumi na tano. Kikaangio kimoja kina hitilafu. Utasubiri, au nikupe mkate wenye yai? Huo uko tayari."

Dereva alimtazama kwa jicho moja. "Dakika kumi na tano za kweli au za kwenu?"

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Za kweli. Keti meza ile. Dakika ya kumi nitakuja kukwambia tumefika wapi."

Dereva alisubiri. Dakika ya kumi Mama Watatu alikwenda mezani kwake. Dakika ya kumi na nne alimpelekea trei, ndipo akabonyeza kitufe. Skrini ilikuwa nyekundu kama pilipili. Dereva alikuwa amekwisha kung'ata paja la kwanza.

Si wote waliokubali. Mama mmoja alisema, "Mgahawa gani huu?" akaondoka. Vijana wawili nao wakaondoka. Kila aliyetoka alimchoma moyoni. Lakini pale karibu na pipa la taka palianza kuwa wazi. Watu waliketi. Walijua wanasubiri nini, na mpaka lini.

Siku ya pili mpishi alitoa kichwa dirishani. "Wengine nao wafanye kama namba kumi na saba!" alisema. "Oda zake naziona mpaka mwisho. Sijasahau hata moja!" Wahudumu wengine wawili wakaacha kupaka kijani. Chapchap alitembea huku na huko, mikono kichwani, lakini hakuwazuia.

Siku ya tatu meneja wa eneo aliingia. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani. Hakusalimia.

"Tawi la kwanza limekuwa la mwisho kwa siku mbili," alisema. "Mmepatwa na nini? Nani ni namba kumi na saba?"

Mama Watatu alisogea mbele.

"Ni mimi. Zamani tulikuwa tunabonyeza TAYARI kabla chakula hakijawa tayari. Mimi pia nilibonyeza. Mzee mmoja alisimama hapa dakika arobaini, akamwendea mgonjwa wake mikono mitupu. Nimeacha. Hizi namba nyekundu ndizo namba zetu za kweli."

"Nani aliwafundisha kubonyeza?"

Mama Watatu alijua jina la kutaja, na kulitaja kungemwokoa. Hakulitaja.

Nyuma yake mtu alimeza mate. "Ni mimi," alisema Chapchap. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naogopa nyekundu."

Meneja aliingia jikoni. Alipima moto wa mafuta ya kikaangio cha pili, akatikisa kichwa.

"Hiki kina hali hii tangu lini?"

"Miezi minne," alisema Chapchap.

"Na wewe umekaa kimya?"

"Niliandika mara mbili. Nikajibiwa kwamba tawi letu ndilo la kwanza kwa haraka, kwa hiyo kikaangio chetu ni kizima."

Meneja alivua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Aliyejibu hivyo ni mimi," alisema.

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Mpishi alijifanya anahesabu mapaja ya kuku. Meneja akavaa miwani tena, na mara hii aliwasalimia wote.

"Niliamini rangi, sikuwauliza watu," alisema. "Hilo ni kosa langu, naomba radhi."

Kesho yake fundi wa mitambo alikuja. Alibadilisha kifaa cha kupasha moto, na kikaangio kikanguruma. Ndani ya wiki moja rangi ilitoka nyekundu ikawa njano, ikatoka njano ikawa kijani. Safari hii ilikuwa kijani ya halali. Makao makuu yaliandikia matawi yote: kitufe kisibonyezwe kabla chakula hakijawa mkononi mwa mteja, na saa ikiwa nyekundu, msimamizi aandike sababu, naye ajibiwe siku hiyo hiyo. Chapchap alipewa onyo, akalipokea. Tangu siku hiyo alianza kulala usingizi. Akaja kusema mwenyewe, "Sasa nina chapchap ya kweli."

Siku ya mwisho ya majaribio, meneja alimkabidhi Mama Watatu bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya ajira ya kudumu. Chini ya barua meneja aliongeza mstari kwa mkono wake: kuanzia mwezi ujao, wahudumu wapya wa matawi sita watafundishwa kaunta na namba kumi na saba. Mama Watatu aliisoma barua stoo, katikati ya maboksi ya vikombe. Aliisoma mara nne. Halafu akacheka peke yake kwa sauti.

Jumamosi familia yake ilikuja kula. Fundi alipiga foleni kama watu wote, amevaa shati lake la kutokea, watoto watatu nyuma yake. Alipofika kaunta alikonyeza jicho.

"Kuku wa watu wanne. Chapchap, eti. Mimi si mgeni."

"Dakika tisa," alisema Mama Watatu.

"Hata mimi mumeo?"

"Hata wewe, Baba Watatu. Ketini pale dirishani."

Fundi alikwenda kuketi, akinung'unika kwa kujifurahisha. Meza ya pembeni walikaa wanaume wawili asiowajua. Mmoja alikuwa anatazama saa yake.

"Usiwe na wasiwasi," mwenzake alimwambia. "Nimekuja hapa mara nyingi. Yule mama wa kaunta akisema dakika tisa, ni tisa. Hajawahi kunidanganya."

Fundi alikuwa ameahidi nyumbani kwamba atakaa kimya asimtie mkewe aibu. Alijikaza kisabuni. Alikunja kitambaa cha karatasi mara mbili, akakikunjua. Ikamshinda. Alisimama wima.

"Yule?" alisema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Yule wa kaunta? Yule ni mke wangu!"

Mgahawa mzima uligeuka. Watoto watatu waliinama chini ya meza kwa aibu, wanacheka mpaka machozi. Kwenye kaunta, Mama Watatu alishusha kofia yake kidogo ili wasione macho yake. Mbele yake foleni ilikuwa inasubiri.

"Karibu," alimwambia aliyefuata. "Nikuhudumie nini?"